Moyo uliochelewa kufika mezani

"Dokta, wakishausimamisha moyo wangu, nani atauamsha?"

Aliyeniuliza ni mama wa miaka 26 kutoka Mangobo, hapa Kisangani. Alifika kwa toleka, baiskeli ya abiria, hadi mlangoni pa lopitalo, yaani hospitali, maana hatua ishirini tu zilikuwa zinamkata pumzi. Akakaa ameinamia mbele, viganja juu ya magoti, vile wakaavyo watu ambao mapafu yao yameanza kushika maji. Ndani ya mfuko wa plastiki uliowahi kubeba chumvi alikuwa na karatasi mbili za ekografia ya moyo. Ya kwanza ilionyesha chumba cha chini cha kushoto kina upana wa milimita 62 kinapojaa damu. Ya pili, ya miezi 19 baadaye, ilionyesha 76. Kwa mwanamke mwenye afya namba hiyo haivuki 52 au 53. Vali ya aota ilikuwa inavuja vibaya. Ya mitrali imekakamaa na inavuja pia. Miezi yote hiyo familia haikukaa bure: ilitafuta pesa, ikatafuta pasipoti, ikatafuta hospitali ya kumpokea.

Swali lake lilikuwa la haki, ila lilikosea mahali pa kuogopa. Moyo uliosimamishwa vizuri huamka wenyewe damu ya uvuguvugu ikiurudia, mara nyingi bila mtu kuugusa. Kazi ngumu ni kuuzuia usife njaa wakati umelala. Nimelaza watu usingizi katika mji huu kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni huu: moyo unalindwa na mambo matatu ya zamani, yaani kusimamishwa, kupozwa na kuhesabiwa dakika, halafu na jambo la nne ambalo vitabu hulipitia haraka, nalo ni hali ya moyo wenyewe siku unapofika mezani. Matatu ya kwanza wanayaweza wenzetu wa Dar es Salaam, Kampala na Nairobi. La nne linaamuliwa hapa Kisangani, na ni hapa tunapolipoteza.

Mpishi anayelala njaa

Moyo wa mtu mzima una uzito wa gramu 300 hivi. Hata mwenyewe akiwa amepumzika, unajichukulia karibu asilimia 5 ya damu yote unayoisukuma, kiasi cha mililita 250 kila dakika. Msuli wa mguu ukizidiwa na kazi unaweza kufyonza oksijeni zaidi kutoka kwenye damu ileile. Moyo hauna nafasi hiyo, kwa kuwa tangu mwanzo unafyonza karibu robo tatu ya oksijeni iliyomo kwenye damu inayoupitia. Ukihitaji zaidi, njia ni moja, iongezeke damu. Na damu ikipungua, hali ambayo madaktari huiita iskemia, hakuna ghala la kufungua: nishati iliyomo ndani ya seli zake inatosha mapigo machache tu.

Sasa mweke mpasuaji mbele ya moyo huo. Hawezi kushona vali ndani ya kitu kinachoruka mara 80 kwa dakika huku kimejaa damu. Kwa hiyo damu nyeusi inachukuliwa kutoka kwenye vena kubwa, inapitishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, inatiwa oksijeni, inarudishwa kwenye aota. Kisha aota inabanwa kwa kibanio, katikati ya moyo na mahali damu ya mashine inapoingilia. Upande mmoja wa kibanio kuna ubongo, ini, figo na utumbo, vyote vinapata damu. Upande wa pili umebaki moyo peke yake, kwa sababu mishipa ya korona inayoulisha huchipuka kwenye shina la aota, palepale juu ya vali. Nyumba nzima inakula. Mpishi ndiye anayelala njaa.

Ukiachwa hivyo bila ulinzi, kwenye joto la kawaida la mwili, msuli wa moyo unaanza kufa baada ya dakika 20 hivi. Majaribio ya Robert Jennings na Keith Reimer juu ya mbwa, miaka ya 1970, yalionyesha kwamba kifo huanzia tabaka la ndani na kusogea nje, kama unyevu unavyopanda ukutani. Kubadilisha vali mbili, kama zile za mama wa Mangobo, kunaweza kutaka kibanio kikae saa moja na nusu au zaidi. Kati ya dakika 20 na dakika 90 kuna shimo, na elimu yote ya kulinda moyo ni daraja la kulivuka.

Njaa yenyewe hufanya kazi kwa hatua. Oksijeni ikikatika, seli inavunja sukari bila oksijeni na kujaza asidi ndani yake. Ili kuitoa asidi, inapokea sodiamu; ili kuitoa sodiamu, inapokea kalsiamu. Kalsiamu ndiyo inayoamuru msuli ukaze, nayo ikizidi, msuli unakaza na hauachii tena. Halafu kibanio kinapofunguliwa, damu inarudi na oksijeni nyingi kwa ghafla, na wingi huo huo unachoma: viini vya nishati ndani ya seli, mitokondria, vinapasuka vile ambavyo njaa ilikuwa haijavimaliza. Ndiyo sababu daktari hupima ushindi wake mara mbili, damu ilipokatika na damu iliporudi.

Kusimamisha, kupoza, kuhesabu

Mtu wa Kisangani hahitaji kufundishwa kanuni ya kwanza. Kura, yaani umeme, ikikatika na umebaki na betri moja, unazima friji, unazima televisheni, unaacha taa moja. Betri haijaongezeka, matumizi ndiyo yamepungua. Moyo unaofanya kazi yake yote hutumia mililita 8 hadi 10 za oksijeni kwa dakika katika kila gramu 100 za msuli. Ukipiga ukiwa mtupu, hutumia kama 5.5. Ukisimama kabisa, joto likiwa lilelile la mwili, hutumia kama 1. Ukisimama na kupozwa hadi nyuzi 22, hushuka hadi 0.3. Isome hesabu hiyo polepole. Wengi hudhani barafu ndiyo shujaa wa chumba cha upasuaji, lakini kusimama peke yake kumeshaokoa takriban sehemu tisa kati ya kumi. Baridi inafuata nyuma kuongeza muda, kama wavuvi wetu wa Wagenia wanavyojua: barafu haimfufui samaki, inaahirisha tu kuoza kwake.

Kinachousimamisha moyo ni potasiamu. Kwenye damu ya kawaida kiwango chake ni kati ya 3.5 na 5. Maji ya kulaza moyo, yaani kadioplejia, yale yaliyotungwa katika hospitali ya St Thomas' mjini London, yana 16 hivi, na huingizwa kwenye mishipa ya korona yakiwa baridi ya nyuzi 4. Potasiamu ikizidi nje ya seli, umeme wa utando hushuka, milango ya sodiamu hujifunga, na ishara ya kupiga haipiti tena. Moyo unasimama ukiwa umelegea, na hilo lina maana kubwa, kwa sababu moyo uliosimama ukiwa umekaza unaendelea kula nishati.

Nilipokuwa najifunza kazi hii nje ya nchi, nilisimama kichwani mwa mgonjwa na kuona jambo hilo kwa macho yangu. Maji yalianza kuingia. Kwenye skrini mawimbi yalipanuka, yakawa mapana na mavivu, kisha mstari ukanyooka kabla dakika haijaisha. Mpasuaji aliweka vidole viwili juu ya chumba cha kushoto, akasikiliza kwa ncha za vidole, akasema tu, "Umelala." Msuli uliokuwa ukipigana naye muda mfupi uliopita ulilegea kama mtoto aliyebebwa mgongoni na kusinzia. Kutoka upande wa mashine fundi akaanza kutaja dakika: kumi, kumi na tano, ishirini. Alipotaja ishirini, kazi ilisimama na maji yakarudiwa, kwa kuwa kwa dozi za aina ile muda wake umekwisha. Dakika ya 34 mimi ndiye niliyeona mstari wa skrini umeanza kutetemeka kidogo, kitu cha kupita bila kuangaliwa. Nilisema. Dozi ikaongezwa kabla ya wakati. Hakuna kifaa cha ajabu kilichotuokoa pale. Mtu alikuwa anaangalia.

Njia hii ilijifunzwa kwa gharama. Wilfred Bigelow wa Toronto alionyesha mwaka 1950, kwa mbwa waliopozwa, kwamba baridi inanunua dakika. Tarehe 2 Septemba 1952, mjini Minneapolis, John Lewis alitumia baridi hiyo kuziba tundu katika moyo wa mtoto wa miaka mitano. Tarehe 6 Mei 1953 John Gibbon alifanikiwa na mashine ya moyo na mapafu huko Philadelphia. Mwaka 1955 Denis Melrose wa London akaleta potasiamu, lakini kwa kipimo kikali mno. Misuli ikaungua, na wapasuaji wengi wakaikimbia dawa yenyewe kwa miaka kama 15, wakati kosa lilikuwa la kipimo. Katika miaka hiyo ya kukimbia ndipo Denton Cooley wa Houston, mwaka 1972, alipoeleza "moyo wa jiwe": moyo uliokaza baada ya upasuaji na kukataa kulegea hata ulipopewa damu. Katikati ya miaka ya 1970 David Hearse na Mark Braimbridge wa St Thomas' waliirudisha potasiamu kwa kipimo cha wastani, na mwishoni mwa miaka hiyo Gerald Buckberg wa Los Angeles alianza kuichanganya na damu ya mgonjwa mwenyewe. Leo yapo mapishi mengine, kama lile la Pedro del Nido, ambalo dozi yake moja hushika saa moja hadi moja na nusu. Mapishi yanatofautiana, lakini jiko ni lilelile.

Moyo wetu si moyo wa kitabu

Vitabu hivyo viliandikwa zaidi kwa ajili ya wazee wa Ulaya na Marekani wenye mishipa ya korona iliyoziba. Mgonjwa wetu ni mwingine. Ni kijana, mara nyingi mwanamke, ambaye akiwa mtoto aliumwa koo, akapata homa ya rumatiki, ikapita, na miaka baadaye vali zikaanza kuharibika. Huko Kinshasa, uchunguzi wa wanafunzi 4,848 uliochapishwa mwaka 1998 na kundi la Longo-Mbenza ulikuta zaidi ya 14 katika kila 1,000 wana ugonjwa huu, na mzigo mkubwa ulikuwa kwenye mitaa maskini. Anayeijua Mangobo au Lubunga wakati wa mvua, watoto watano kwenye godoro moja, hatashangaa.

Moyo wa kijana huyo unafika mezani na matatizo yake manne, na kila moja linagusa ulinzi.

La kwanza ni vali ya aota inayovuja. Maji ya kulaza moyo kwa kawaida huingizwa kwenye shina la aota ili yaende kwenye korona. Vali ikivuja, maji yanadondokea ndani ya chumba cha kushoto na kukivimbisha, na korona hazipati kitu. Itabidi aota ifunguliwe na maji yaingizwe moja kwa moja kwenye midomo miwili ya korona, au yapitishwe kinyumenyume kupitia vena ya moyo, na njia hiyo ya pili huifikia vibaya sehemu ya kulia.

La pili ni hiyo sehemu ya kulia yenyewe. Vali ya mitrali iliyokakamaa hurudisha shinikizo mapafuni, na chumba cha kulia husukuma dhidi ya ukuta kwa miaka. Ndicho kilichochoka zaidi, na ndicho kinachosahaulika zaidi.

La tatu ni ukubwa. Chumba kilichotanuka kutoka milimita 62 hadi 76 kina ukuta unaovutwa kwa nguvu zaidi, unaokula zaidi hata ukiwa umepumzika, wenye makovu kati ya nyuzi zake na akiba ndogo ya nishati. Dakika 90 za kibanio kwa moyo wa 62 na dakika 90 kwa moyo wa 76 ni dakika sawa kwenye saa tu. Mpasuaji yuleyule, maji yaleyale, fundi yuleyule mwenye sauti ya kuhesabu. Moyo mmoja utaamka na kusukuma, mwingine utaamka na kuombaomba.

La nne ni damu. Mashine hujazwa maji ya lita moja au zaidi kabla ya kuunganishwa. Mama wa kilo 40 ana damu isiyozidi lita tatu. Akifika na hemoglobini ya 9 kwa sababu ya malaria na minyoo, mara mashine inapoanza kuzunguka amebaki na 6, na damu hiyo nyepesi ndiyo itakayoulisha moyo ukifunguliwa. Ongeza kwamba katika jimbo letu la Tshopo karibu mtu mmoja kati ya wanne au watano amebeba alama ya selimundu, ambayo sisi tunaiita SS inapokuwa imekamilika. Kwa mwenye SS, baridi, asidi na damu iliyosimama ndivyo vitu hasa vinavyokunja chembe nyekundu na kuziba mishipa midogo. Kile kinachomlinda mgonjwa mwingine kinaweza kumdhuru yeye, mpaka damu yake ibadilishwe kwanza na baridi ipunguzwe. Daktari aliye mbali hawezi kubuni jambo hilo. Sisi ndio wa kumwambia.

Manne ninayosikia kila mara

Nasikia kwamba potasiamu ni sumu na kwamba jamaa fulani "alichomwa sindano ya kusimamisha moyo akafa". Ni kweli kwamba potasiamu ikiingizwa haraka kwenye mkono wa mtu aliyelala wodini inaua, na wauguzi wanafanya vizuri kuiogopa. Chumbani kwa upasuaji hali ni nyingine: kibanio kimeitenga ndani ya moyo, mashine inaendesha damu ya mwili wote, na mwisho wake inaoshwa. Kisu pia huua, na ndicho kinachotumika kukata kitovu cha mtoto.

Nasikia, hasa kwa madaktari vijana, kwamba ipo njia rahisi: funga mkanda wa kupimia presha mkononi, ukate damu dakika tano, uachie tano, mara tatu au nne, na moyo utajiandaa kwa njaa. Wazo hili lina asili nzuri. Mwaka 1986 Charles Murry pamoja na Jennings na Reimer waligundua kwamba moyo wa mbwa ulioonjeshwa njaa fupi unastahimili njaa ndefu. Nami nilitamani liwe kweli, kwa kuwa mkanda wa presha hata zahanati ya Lubunga inao. Lakini mwaka 2015 majaribio mawili makubwa, ERICCA la Uingereza na RIPHeart la Ujerumani, yenye wagonjwa karibu 3,000 kwa jumla, hayakuona faida yoyote kwa mgonjwa. Mbwa wa maabara ni kijana, hana kisukari, hana dawa nyingine mwilini, na hakupewa maji ya kulaza moyo. Mgonjwa wa kweli ameshapewa ulinzi mkubwa, na kilichobaki kuokolewa ni kidogo.

Nasikia pia kwamba gesi fulani ya usingizi inalinda moyo kuliko dawa ya mshipani. Hili ni la fani yangu, na nililiamini. Jaribio la MYRIAD la mwaka 2019, lenye wagonjwa 5,400, halikuona tofauti ya vifo baada ya mwaka mmoja. Tangu hapo nachagua dawa ninayoijua vizuri na iliyopo kabatini, na macho yangu nayaweka kwenye skrini.

La nne ni la wanasiasa na la baadhi yetu wenye kiburi cha mji: "Tuleteeni mashine, tupasue mioyo hapahapa Kisangani." Natamani siku hiyo. Lakini mashine ya moyo na mapafu haivumilii mitambo ya umeme ya mto Tshopo inayozunguka leo na kulala kesho. Inataka oksijeni isiyokatika, benki ya damu iliyojaa, maabara inayotoa kiwango cha potasiamu ndani ya dakika chache usiku wa manane, na wauguzi wanaokaa kando ya kitanda cha mgonjwa mmoja saa 24. Inataka pia wingi wa wagonjwa, maana timu inayofungua vifua vitano kwa mwaka husahau ilichojifunza kati ya cha kwanza na cha pili. Tanzania ilianza upasuaji wa moyo wazi Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikasimama peke yake mwaka 2015. Katikati kuna miaka ya kujenga watu. Atakayesema kwamba nawahukumu watu wa Tshopo wawe wasafiri milele, namjibu kwamba ngazi inapandwa kuanzia chini, na vidato vya chini bado hatujavikanyaga.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Kidato cha kwanza ni penisilini. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto na vijana 818 waliokuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huu wa rumatiki kwenye ekografia, bila kuumwa bado, waligawanywa: nusu wakachomwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa, na kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa. Hakuna dawa ya chumba cha upasuaji iliyowahi kuonyesha pengo la namna hiyo. Ninachotaka ni daftari moja katika kila moja ya manispaa zetu sita, lenye jina la mtoto, tarehe ya sindano iliyopita, tarehe ya ijayo, na muuguzi mwenye jukumu la kumtafuta asiyekuja. Daftari halihitaji kura. Kwa wale ambao vali zimeshaharibika sana, wasichomwe kwa mazoea: kwao vidonge vina usalama zaidi, na daktari aamue.

Kidato cha pili ni kupeleka mapema. Tunangoja mgonjwa avimbe miguu ndipo tuandike barua ya rufaa. Barua iandikwe siku vali inapoonekana kuvuja sana, hata kama mwenyewe bado anauza ndizi sokoni. Kila ekografia iandike upana wa chumba cha kushoto kikiwa kimejaa na kikiwa kimekaza, nguvu ya kusukuma, na shinikizo la mapafuni. Tunaporudia baada ya miezi sita, namba mbili zikiwekwa pamoja zitasema lolote lile ambalo mgonjwa analificha ili asiwatie ndugu hofu. Na kwa kuwa njia zetu hazitabiriki, familia zianze karatasi za safari siku hiyohiyo. Tuliona njia ya Goma ilivyofungwa Januari 2025, na kituo cha Salam cha Khartoum, kilichokuwa kikiwapasua bure wagonjwa wa nchi nyingi za Afrika tangu 2007, kilivyotumbukia katikati ya vita vya Aprili 2023. Mlango ulio wazi leo si ahadi ya kesho.

Kidato cha tatu ni kuutayarisha mwili. Nimeandika orodha kwenye karatasi moja, na ninaipachika mbele ya kila faili linaloondoka: kipimo cha selimundu, hemoglobini, na kama iko chini tutibu minyoo na malaria na kutoa madini ya chuma kabla ya safari, potasiamu, maana vidonge vya kukojoza tunavyowapa wagonjwa hawa huikomba mwilini, meno, kwa sababu jino bovu hupeleka vijidudu kwenye vali mpya, na uzito, kwa sababu mwili uliokonda hauna cha kujengea kidonda. Vipimo hivi karibu vyote tunavyo mjini.

Kidato cha nne ni kurudi. Vali ya chuma inataka dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote na kipimo chake kila mwezi. Kabla ya kumpeleka mtu, tumwambie mpasuaji ukweli kuhusu maabara yetu na kuhusu umri wa kuzaa wa mgonjwa, ili achague kati ya kurekebisha vali, kuweka ya chuma au kuweka ya mnyama. Moyo uliolindwa kwa dakika 90 mezani unaweza kuuawa na donge moja la damu nyumbani.

Yule mama aliondoka mwishowe, vikoba viwili, kanisa na shangazi aliye nje vikiwa vimechanga. Kibanio kilikaa dakika 118. Moyo wake uliamka wenyewe, kama nilivyomwambia, lakini ulihitaji siku sita za dawa za kuusukuma kabla haujasimama kwa miguu yake, na chumba chake cha kushoto hakijarudi chini ya 66. Zile siku sita, kwangu, ni deni la miezi 19 ya hapa nyumbani.

Juzi alirudi kliniki, safari hii kwa miguu kutoka njia kuu. Nilidhani amefuata kipimo chake cha damu. Akamsogeza mbele binti yake wa miaka saba, akamwambia afungue kinywa. "Dokta, muangalie kwanza huyu. Anaumwa koo tangu Jumapili."